Yatokanayo

Kikao kimefunguliwa saa nne na robo badala ya saa tatu,
kwa kuwa foleni ya Ubungo haina mwenyekiti.
Waliohudhuria: Dokta Ndyamukama, kituo cha utafiti, Mlimani;
Bwana Premji, kiwanda cha unga, Vingunguti;
Tunsume, mwanafunzi, kompyuta mapajani, macho mekundu;
na mimi, mratibu,
ambaye mama yake bado anamwuliza,
lakini wewe, mwanangu, unatengeneza nini hasa?

Yatokanayo na kikao kilichopita:
neno *tayari*.
Kule Mlimani, mfumo ukiwa tayari
umefanya kazi mara moja,
usiku, mezani, kwa kilo mbili za mahindi,
na jedwali limeshaingia kwenye makala.
Kule Vingunguti, ukiwa tayari
zamu ya usiku itaupiga teke na hautazimika.
Miezi minane nalibeba neno hilo
kutoka kilimani hadi bondeni
kama trei ya mayai.
Kila nikifika, kuna lililopasuka.

Dokta ana muhula. Bwana Premji ana robo mwaka.
Muhula haujui riba ya benki,
robo mwaka haijui mitihani.
Nimezilaza kalenda zao moja juu ya nyingine,
nikazielekeza dirishani:
siku zilizopitisha mwanga ni tatu,
na mojawapo ni Idi, kama mwezi utaandama.

Kuhusu data ni mali ya nani.
Mwanasheria wa chuo ameandika: *yetu*.
Mwanasheria wa kiwanda ameandika: *yetu*.
Nikafurahi dakika nzima
nikidhani wamekubaliana.

Kuhusu Jumanne.
Saa tisa usiku king'ora kililia, mkanda ukasimama,
tani kumi na nne za mahindi ya Kibaigwa
zikaitwa sumukuvu na mashine yetu.
Mahindi yalikuwa mazima.
Kamera ndiyo iliyokuwa imevaa unga.

Nilifika kabla ya adhana.
Sikudhani, msimamizi wa zamu,
alikuwa anaifuta kwa pindo la kanga,
taratibu, kama anamfuta mtoto makamasi.
Nyuma yake, pembeni ya swichi, ukutani,
kwa penseli, tangu Machi:
*unga. unga. mvua imeingia. unga.
panya. umeme. unga.
mahindi mekundu ya Sumbawanga — inadhani yameoza.*
Tarehe. Saa. Tani.
Mistari mia moja na sita,
herufi zimelala upande mmoja kama watu waliochoka.

Dada, nikasema, mbona hukutuambia?
Akakung'uta kanga.
Mlikuja mara tano, akasema.
Mkapiga picha na mashine.

Nimeuonyesha ukuta huo kikaoni, kwenye projekta.
Tunsume ameacha kuchapa.
Nimemwona akihesabu kwa midomo,
mwaka mzima wa usingizi wake
ukishuka mstari kwa mstari.
Dokta amevua miwani: Hii ni data.
Bwana Premji: Huu ni ukuta wangu.
Kisha feni tu,
na mtu nje akiburuta kiti.

Imeazimiwa: kinunuliwe kifuniko cha kamera.
Imeazimiwa: mfumo ufundishwe mahindi mekundu.
Imependekezwa Sikudhani aalikwe kikao cha kumi na mbili.
Hoja: mchana analala.
Hoja: basi kikao kiwe saa moja jioni.
Hoja hiyo imetazamana na kalenda zote mbili
na haijapata wa kuiunga mkono.

Mengineyo: wakaguzi wanakuja Jumatatu,
ukuta unapakwa rangi Ijumaa.
Nimeomba wasubiri.
Nimeambiwa rangi imeshanunuliwa.

Kikao kimefungwa saa saba na dakika kumi.
Chai haikuwepo.
Kwenye mahudhurio, chini ya jina langu,
palikuwa na nafasi ya mstari mmoja.
Nimeandika *Sikudhani*.
Kwa penseli.